Kiwanja B cha Mume wa Bibi

Kwanza niseme wazi: kosa lilikuwa langu, na nililiandika kwa hati nzuri.

Mwaka jana nilikuwa kidato cha tatu, na haja yangu duniani ilikuwa moja tu, mlango. Mlango wa mbao wenye komeo upande wa ndani, na mimi nikiwa upande huohuo wa ndani. Nyumba yetu hapa Tabora ni ya zamani, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Ukivihesabu utadhani tuna nafasi. Lakini kimoja ni stoo ya karanga, kimoja cha baba na mama, kimoja cha kaka zangu, na viwili vina wajomba waliokuja kutoka Nzega "kwa siku mbili" nikiwa darasa la tano. Kinachobaki ni cha bibi, mama yake baba, mwenye nyumba. Humo tulilala watatu katika kitanda kimoja cha chuma: bibi, mimi na mdogo wangu. Bibi hukoroma kama garimoshi linalobadilishwa mabehewa.

Kukoroma nilishazoea. Shida ilikuwa daftari. Mimi si msemaji. Nikiulizwa jambo, jibu hunifikia watu wakiwa wameshaondoka, kwa hiyo naliandika. Nimeandika kila siku tangu kidato cha kwanza. Na mdogo wangu, wa darasa la pili, alikuwa amejua kusoma majuzi tu na alisoma chochote kilichopita mbele yake: gazeti lililofungiwa sukari, maneno ya kwenye kanga za wageni, na daftari langu. Tena alisoma kwa sauti, kama walivyofundishwa. Siku moja wanawake wanachambua mchele uani, nikamsikia: "‘Leo mwalimu wa jiografia amevaa shati la kijani. Limempendeza.’"

Mama akasema, "Kumbe jiografia inakwenda vizuri."

Sikwenda kisimani siku mbili.

Ndipo likaja tangazo kutoka bomani. Zamani kiwanja kimoja kilikuwa nyumba moja, na nyuma unaruhusiwa jiko na choo, basi. Sasa mwenye kiwanja kikubwa angeweza kukigawa mara mbili, A na B, na huko nyuma ijengwe nyumba nyingine, mradi kila moja iwe na choo chake, jiko lake na njia yake ya kutokea barabarani. Na viwanja hivyo viwili viwe na wenyewe wawili. Mtu mmoja kushika vyote viwili, hapana, zama za kujilimbikizia zimepita.

Mimi ndiye niliyewasomea majirani. Walijaa barazani kwetu, na mimi nikasimama chumbani, nyuma ya pazia la dirisha, nikasoma kutoka humo. Ndivyo ninavyoweza. Nilipomaliza, fundi cherehani wa nyumba ya pili akasema, "Redio ya nyumba hii leo haina mikwaruzo."

Baba alikuwepo wiki hiyo. Yeye ni mtu wa reli, kazi yake iko Kaliua, njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, na nyumbani huja kwa zamu. Alisimama katikati ya uwanja wa nyuma, akatazama huku na huku kama mwenye shamba. "Kiwanja B nitakichukua mimi," akasema. "Nyumba ya vyumba vitatu, kidogo kidogo. Chumba cha mwisho kiwe cha huyu mwenye madaftari. Kiwe na mlango."

Nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la karanga, nikatabasamu peke yangu. Kesho yake baba akarudi Kaliua, na shughuli zote akamwachia bibi.

Sasa aje bwana mpima, lakini kabla hajafika lazima nieleze utani. Bibi ni Mnyamwezi, na mpima aliyeletwa kutoka bomani alikuwa Mzaramo. Hao ni watani tangu enzi za misafara. Babu yake bibi alikuwa mpagazi, akibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, na njia ilipita kwa Wazaramo. Huko walichokozana, wakaibiana kuku, wakazikana, mwisho ukawa udugu wa matusi. Mtani akisema nguo yako ni yake, humkatalii. Akiondoka na kuku wako, unamwuliza mbona hakuchukua na chumvi. Kukasirika ndiyo aibu. Na bibi yangu ni bingwa, kwa sababu akitania hacheki. Uso wake huwa uleule wa mtu anayehesabu rakaa.

Mpima alifika asubuhi kwa baiskeli, mnyororo wa kupimia begani, darubini na miguu yake mitatu imefungwa nyuma. Kijana wa miaka kama thelathini, suruali imenyooka.

"Hodi humu kwa wapagazi!"

Bibi alikuwa uani na sinia la mchele. Hakuinua kichwa. "Mzaramo huyo. Fichani kuku."

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume wangu. Ulipotelea wapi? Uliniacha Bagamoyo ukasema unakwenda kununua chumvi."

"Foleni ilikuwa ndefu."

Akamtwika mama ile miguu mitatu. "Beba, mkwe wangu. Ndiyo kazi ya kwenu."

"Sisi tulibeba pembe za ndovu," bibi akajibu kwa niaba yake. "Vijiti vya Mzaramo hatukubeba."

Basi wakapima hivyo, mdomo na mnyororo vikienda pamoja. Kigingi kikapigwa huku, kingine kule. Alipofika katikati ya kiwanja, mpima akapiga kisigino chini. "Nusu hii ya nyuma ni yangu, mke wangu. Nitajenga hapa, nitakula karanga zako, nitafia hapa."

"Chukua. Nimekupa. Ukifa tutakuzika chooni, si mbali."

"Nimekubali! Mashahidi mpo." Akageuka, akaniona mlangoni mwa jiko, nimejificha nyuma ya ungo. "Na huyu mwenye ungo usoni?"

"Mjukuu wako. Haongei, anaandika."

"Basi atatuandikia."

Akanipa fomu na karatasi ya kaboni. Akala bakuli zima la michembe, yale makopa ya viazi vitamu ya bibi, akayatukana kuwa ni maganda ya mti, akaomba tena, akaenda zake.

Mchana ule bibi alinikalisha barazani tujaze. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Mmiliki wa Kiwanja A: hapo pepesi, jina la bibi. Mmiliki wa Kiwanja B. Nikasoma kwa sauti yangu ya siku zote, ile ambayo hata nzi haimsumbui.

"Si nimekwisha kumpa mume wangu?" akasema bibi. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba. "Hukusikia?"

Nikangoja acheke. Hakucheka. Lakini bibi hachekagi.

Nakiri nilikumbuka maneno ya baba. Nilimwona baba amesimama pale katikati ya uwanja, niliuona na mlango wangu. Nilifungua mdomo kumwuliza bibi, je, ni kweli au ni utani? Lakini swali hilo kwa kawaida yangu lingefika kesho yake. Na mkubwa akishasema, kumwuliza tena ni kama kumwambia amesema uongo. Nikajipa moyo, nikadhani labda ndio utaratibu mpya, mpima huwekwa kwanza kama kigingi, halafu huondolewa. Nikatokwa na machozi kidogo kwa ajili ya mlango wangu, nikayafuta yasidondokee kaboni, nikaandika jina kamili la mpima. Chini yake pakaulizwa: Uhusiano na mmiliki wa Kiwanja A.

Nikaandika: Mume.

Bibi akapiga dole gumba, na ile kaboni ikatoa nakala mbili safi za kosa langu. Kesho yake asubuhi nilizipeleka bomani, nikaziweka juu ya meza ya karani, nikatoka kabla hajanijibu shikamoo. Aliniita nimesahau kalamu. Sikurudi.

Maombi yote hubandikwa kwenye ubao wa bomani, ili mwenye pingamizi aseme. Wiki ya pili ikabandikwa orodha yetu, na mji ukaanza kuwa na furaha ambayo sisi hatukujua inatokana na nini. Muuza nyanya alimwuliza mama, "Baba mkwe hajambo?" Mama akajibu kwamba baba mkwe ni marehemu miaka kumi na miwili. Yule akasema, "Ehe, huyo wa zamani." Mwenye duka la vitambaa, ambaye ukoo wake uko Tabora kabla ya reli, alikataa kumkatia bibi nguo ya bitana, akampimia hariri, akasema bibi arusi havai bitana.

Mimi nilijua. Alhamisi nikitoka shule nilipita bomani, nikasoma ubaoni. Sikumwambia mtu. Niliandika tu.

Jumamosi alasiri mwanamke mmoja akabisha hodi. Alikuwa kijana, amejifunga kanga vizuri, amekaza uso.

"Hapa ndipo kwa mke mkubwa wa mume wangu?"

Mama akaangusha upawa. Bibi akasogea mkekani kumpa nafasi. "Karibu, mke mwenzangu. Afadhali umekuja. Mimi miguu inauma, wewe utakuwa unapika."

Yule mwanamke akamtazama bibi, meno ya mbele hana, miwani ameifunga kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa. Akashika nguzo ya uani. Akacheka mpaka akakaa chini mwenyewe bila kukaribishwa tena, na bibi akampa maji.

Alipomaliza akajifuta macho. "Bibi, mimi nimecheka. Bomani hawacheki. Jina la mume wangu liko ubaoni, amepata kiwanja alichokipima mwenyewe. Wanasema atapangisha, na Azimio la Arusha unalijua, kiongozi haruhusiwi nyumba ya kupangisha. Ameitwa Jumatatu mbele ya kamati, na anaweza kufukuzwa kazi."

"Mpima naye ni kiongozi?"

"Wanasema anaongoza mnyororo."

Uso wa rakaa ukamtoka bibi, nikauona uso mwingine, wa mtu mzima aliyeshtuka.

"Na kiwanja chenu kimesimamishwa," yule mke akaendelea. "Hakuna kugawa, hakuna kujenga, mpaka ijulikane nani ameandika."

"Karani," akasema mama. "Makarani hawa!"

"Ni karani tu," akasema mgeni.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbini, na nasema kweli ya Mungu, nilitikisa kichwa kukubali kwamba ni karani.

Hapo mdogo wangu akatokea chumbani na daftari langu mkononi. Ameona mgeni, na mgeni akija mtoto huonyesha anachojua. Akasimama katikati ya uani, miguu pamoja, akasoma: "‘Alhamisi. Nimeona ubaoni. Mimi ndiye niliyeandika Mume. Karani hana kosa. Nilitaka kumwuliza bibi lakini bibi akikutazama anatisha kama...’ Hapa pana neno gumu."

"Tamka kwa silabi," akasema bibi.

"‘Be-be-ru.’"

Kuku akapita.

"Beberu mbuzi," bibi akauliza pazia, "au beberu wa gazetini?"

"Mbuzi," nikasema. Ndilo neno pekee nililoweza.

Baba akafika Jumapili kwa treni. Mama alikuwa amemtumia habari kwa mtu wa reli, na habari ikamfikia nusunusu. Aliweka mfuko chini ukumbini, akasema, "Nimekaa Kaliua wiki tatu. Narudi nina baba wa kambo niliyemzidi umri." Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa bibi, ambaye hakucheka. Kisha akaniita.

"Kesho utakwenda ukaseme mwenyewe."

"Nitasemaje?"

"Kwa mdomo."

Nilitamani ardhi igawanyike A na B, mimi nitumbukie katikati. Lakini nilielewa. Nisiposema, mpima atakosa kazi na mlango wangu hautajengwa. Nikachukua daftari, nikaliweka chini ya mtandio.

Kamati ilikaa katika chumba kirefu chenye meza moja na kabati la mafaili. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene, kalamu mbili mfukoni. Kando yake palikuwa na mzee mwenye kofia ya kufuma na wengine watatu. Mimi, bibi na baba tuliketishwa mbele yao, na mpima alikaa peke yake benchi la pembeni. Hakututania. Hakusema hata "wapagazi hao". Mikono ameiweka magotini kama mtoto anayengoja sindano, na hilo liliniogopesha kuliko kamati yenyewe.

"Nani aliandika neno ‘Mume’?" akauliza mwenyekiti.

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mwenyekiti akaniambia niongeze sauti, na mimi nilikuwa sijaanza.

Bibi akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, huyu husema akiwa nyuma ya kitu. Mpe mlango."

"Mlango gani?"

"Huo hapo. Asimame nje, asome. Utamsikia vizuri kuliko mimi."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema haya. Nikatoka nje, nikauvuta mlango mpaka ukabaki upenyo wa kupita sauti. Ndiyo mara ya kwanza maishani kupewa mlango, na ulikuwa wa serikali.

Nikasoma ya siku ile yote, kama nilivyoyaandika. Hodi kwa wapagazi. Foleni ya chumvi. Vijiti vya Mzaramo. Nikasikia mtu akikohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa. Nilipofika "tutakuzika chooni, si mbali", meza ikapigwa kofi. Nikaendelea, bibi na uzi wake, mimi na swali langu lisilotoka. Nikasoma na pale pa machozi kwa ajili ya mlango, maana sikujua namna ya kuruka mistari nikiwa nasoma. Hapo hawakucheka. Mtu mmoja akasema polepole, "Aa, maskini."

Mwenyekiti akamwuliza mpima, "Ulipopewa kiwanja, ulikubali?"

"Nilikubali, mzee. Ningekataaje? Ni mtani. Ningekataa ndiyo ningekuwa nimemtukana."

"Ulijua kwamba jina lako limeandikwa?"

"Nilikwenda sokoni kununua nyanya nikaambiwa hongera. Ndipo nilipojua."

"Bibi." Kiti cha mwenyekiti kikalia. "Sasa hapa hatutanii. Sema kweli. Huyu ni mumeo?"

Niliweka jicho kwenye upenyo. Baba alikuwa amefumba macho. "Mama, tafadhali," akanong'ona.

Bibi akarekebisha miwani yake. Uso wa rakaa ukarudi mahali pake.

"Mwenyekiti, chumvi aliyokwenda kununua sijaiona. Sabuni sijaiona. Hata kanga moja ya kufutia vumbi sijaiona. Mzaramo huyu kwangu hana mke, na kiwanja hana."

"Andika," mwenyekiti akamwambia karani. "Hana kiwanja."

"Na la mke?" akauliza karani.

Mzee mwenye kofia akainua kidole. "Hilo usiandike lolote. Mambo ya ndoa na talaka hayana mzaha. Andika tu kosa la mwandishi."

"Mwandishi yuko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

Nikaingizwa. Fomu mpya, kaboni mpya, wakaniwekea kiti mwisho wa meza. Mmiliki wa Kiwanja A, bibi. Mmiliki wa Kiwanja B. Nikainua kalamu, na watu wote wale wakinitazama nikasema, na nililisikia mwenyewe likitoka, "Bibi, hapa unasema kweli au unatania?"

Kamati nzima ikaangua kicheko, na mpima pia, mara ya kwanza siku hiyo. "Kweli," akasema bibi. "Baba yako."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli. Andika mtoto, si mume, sasa."

Tulipotoka nje mpima akavuta pumzi, akapanda baiskeli yake, na rangi yake ikarudi palepale. "Wapagazi! Mmeniaibisha mji mzima. Faini yangu ni jogoo." Kesho yake alikuja akaondoka naye kwapani, yule mwekundu aliyekuwa wa mama, na mama alikuwa karibu kulia. Bibi akampigia kelele mpaka barabarani, mbona hakuchukua na chumvi.

Nyumba ya nyuma ilijengwa kwa miezi mingi, tofali leo, tofali mwezi ujao. Siku moja baba aliniuliza, huku anachanganya udongo na wajomba ambao hatimaye walipata kazi, "Mtu aliyeandika namna ile apewe mlango, au anyang'anywe kalamu?" Bibi akajibu kutoka mkekani, "Apewe mlango. Mkimnyima atasimama nyuma ya mlango wa watu."

Chumba changu kikawa cha mwisho. Baba alitaka kitazame uani kwa bibi, ili akihitaji maji nisikie. Ni kidogo, kitanda kikiingia mlango haufunguki kwa ndani, kwa hiyo seremala akaufanya ufunguke kwa nje. Komeo liko ndani. Nililifunga na kulifungua mara ishirini siku ya kwanza, mpaka mama akauliza kama ni mimi au ni panya.

Kisha mpima akaja kuweka bikoni, ile nguzo fupi ya zege ya mpaka, badala ya vigingi. Akanyoosha mnyororo. Akapima mara tatu. Akachimba, akaisimika hatua moja mbele ya mlango wangu. Ninapoufungua sasa, unafika nusu na kugonga zege.

Nikatoka kwa ubavu. "Shikamoo," nikasema. "Hapa ni kweli au ni utani?"

Mpima akanitazama. Uso wake haukuwa na kitu. Aliupata wapi uso huo najua, alikuwa amekaa na bibi muda mrefu.

"Mstari ni mstari, mjukuu. Pima mwenyewe."

Alipoondoka nilipima kwa kamba ya kuanikia nguo. Bikoni imeingia upande wetu unyayo mmoja. Au kamba imelegea. Nilipomwambia bibi, akasema bikoni ya serikali haing'olewi, na mtani halalamikiwi, kwa hiyo hata tukijua itatusaidia nini?

Basi nina mlango, na unafunguka nusu. Mimi napita kwa ubavu. Mdogo wangu anapita kama paka, lakini komeo linamshinda. Bibi hapiti kabisa, na nakiri nililihesabu hilo katika faida za chumba.

Hesabu yangu ilidumu mpaka Jumamosi ya kwanza. Alasiri nikasikia mkeka unakunjuliwa nje, kisha mtu anakaa taratibu, anaguna, anaegemeza mgongo kwenye bikoni.

"Umefunga?" akauliza.

"Nimefunga."

"Vizuri. Soma pale pa sabuni."

"Hapo ulishasikia, bibi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo nasema. Sikupata nafasi ya kusikiliza."

Nikamwambia kwamba leo nilikuwa naandika kitu kingine. Akauliza kama kinamhusu. Nikasema kidogo. Akauliza kama humo kuna mbuzi. Nikasema hakuna. Nikasikia mkeka mwingine unakunjuliwa, na sauti ya mama ikiuliza kama imeshaanza, na fundi cherehani akikohoa kwa mbali upande wa ua.

"Haya, redio," akasema bibi. "Na uongeze sauti."

Nikahakikisha komeo limekaa vizuri, ndipo nikaongeza sauti.